Viti Viwili kwa Kila Kaya

Simu ilikuwa ya Sperancia, lakini aliyeishika alikuwa Cassian, mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Mjane siku ya kwanza hana mikono. Kila kitu chake hushikwa na wengine, hata funguo za kabati, hata simu. Cassian aliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa katikati ya ua, akafungulia spika ili wote waliokuja msibani wasikie.

"Mama," sauti ya Ayebare ilisikika kutoka Dar es Salaam, imekauka kwa kulia tangu asubuhi. "Kuna basi linaondoka leo saa kumi na moja jioni. Nikilipanda, kesho usiku nitakuwa Kayanga. Mazishi si Jumamosi? Nitawahi."

"Basi la nini?" Cassian alidakia kabla Sperancia hajafungua mdomo. "Binti, tiketi za ndege zipo! Viti viwili kwa kila kaya. Baba yako mwenyewe ndiye aliyehangaika mpaka tukazipata. Leo Mwalimu amelala, halafu mwanawe aje na basi kana kwamba chama hakipo? Ndege ni kesho asubuhi. Saa sita mchana uko Bukoba, saa tisa uko hapa."

Watu waliokaa kwenye majani ya migomba wakaitikia kwamba ni kweli, hiyo ndiyo heshima ya Mwalimu.

"Mama, wewe unasemaje?"

Sperancia aliitazama ile simu. Alijua la kusema, tena alilijua vizuri kuliko mtu yeyote pale uani. Aliona nyuso za watu, zaidi ya sitini, zote zimemgeukia.

"Njoo na ndege, mwanangu," alisema.

Ayebare akasema sawa, mama. Simu ikakatika.

*

Kwa miaka kumi na mmoja Sperancia alikaa katika kibanda cha bati pale stendi ya Kayanga, akikata tiketi za mabasi. Alijua siri zote za nauli. Alijua kwamba abiria hulipa mafuta tu, na kwamba faida ya mwenye basi iko kwenye vifurushi vya chini: mikungu ya ndizi, magunia ya maharage, ndoo za senene msimu ukifika. Alijua pia kwamba basi likienda limejaa na kurudi nusu tupu, tajiri wake halali usingizi.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza, mumewe Projestus alipokuja jikoni jioni na karatasi yenye picha ya ndege nyeupe yenye mkia wa buluu, Sperancia aliisoma mara moja tu, akamrudishia. Shirika lilikuwa jipya, likiitwa Mbayuwayu. Lilikuwa linauza vocha za mwaka mzima kwa vikundi, Dar es Salaam hadi Bukoba, kwa shilingi elfu thelathini na tisa kwa kiti.

"Mwalimu, hii bei si ya kweli," alimwambia.

"Ina mhuri."

"Hata tiketi zangu zilikuwa na mhuri. Basi ni elfu tisini, na mwenye basi bado analia. Ndege inakunywa mafuta gani hata ikubebe kwa chini ya nusu?"

Projestus alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini na minne, na kustaafu hakukumwondolea ile sauti ya darasani. Alimweleza polepole. Ndege hizi hazikai chini, zikishusha zinapakia. Hawatoi chai, hawatoi maji. Begi unalipia, kuchagua kiti unalipia, hata kubadilisha jina unalipia. Faida yao iko kwenye wingi wa watu. Yule dada wa shirika aliyekuja Kayanga alikuwa amemchorea yote kwenye daftari.

"Huo wingi utatoka wapi?" Sperancia aliuliza huku akigeuza ndizi chunguni. "Desemba sawa, kila Mhaya na Mnyambo anarudi nyumbani. Mwezi wa pili watampakia nani? Unaikumbuka ile kampuni ya mabasi mekundu? Mwezi wa tisa walituamuru tuuze tiketi za Krismasi nusu bei. Watu wakashangilia. Kumbe hela inanunua matairi na kulipa mishahara waliyodaiwa tangu mwezi wa saba. Krismasi ilipofika hakukuwa na basi. Aliyetemewa mate si mwenye kampuni, ni mimi kibandani. Mtu akikuuzia safari ya mwakani kwa hasara, Mwalimu, ujue hana mafuta ya leo."

Projestus aliikunja ile karatasi. Ayebare, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alikuwa ameshaingia kulala katika chumba cha uani, kwa hiyo baba yake alishusha sauti.

"Mama Ayebare, kesho nasimama mbele ya kaya sitini. Usinitie aibu."

Naye hakumtia aibu. Kesho yake kwenye mkutano wa chama cha kuzikana alikaa mkekani na wanawake wenzake. Cassian alipouliza kama kuna mwenye swali, Sperancia alitazama pindo la kanga yake. Projestus alisimama, akawakumbusha wale wazee wawili waliozikwa mwaka uliopita watoto wao wakiwa bado njiani, mmoja amekwama Singida, mwingine hakupata nauli kabisa. Alipofika kwenye yule wa pili sauti ilimkatika. Hakuwa na hila yoyote. Hakula hata shilingi mia ya chama. Alitaka tu mtu asizikwe watoto wake hawapo. Wakapiga makofi, na akiba yote ya chama ikanunua vocha mia na ishirini kwa vifo ambavyo bado havijatokea.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Mwezi wa tatu jirani yao Kampire alipofariki, mwanawe alishuka Bukoba asubuhi na kufika kijijini kwao Kituntu mchana huohuo, viatu vyake havina hata vumbi. Watu walimzunguka kumtazama. Projestus alitembea wiki nzima kifua mbele, na jioni moja akamwuliza mkewe, "Umeona?"

"Nimeona," Sperancia alijibu. Alifurahi kwa moyo mmoja kwamba alikosea.

Kisha mwezi wa sita wakatangaza redioni kwamba safari za kila siku sasa zitakuwa tatu kwa wiki, kwa ajili ya kuboresha huduma. Sperancia alikuwa anachambua maharage. Aliyajua maneno hayo, ya mabasi mekundu yalianza hivyohivyo. Alimtazama mumewe, mumewe akatazama redio.

*

Ijumaa mchana watu walikuwa wameshapika chakula cha kumpokea Ayebare. Wanaume walikaa upande wa mibuni wakibishana kuhusu ndege, ilimradi wasizungumzie kifo. Mmoja alisema injini zake ni mbovu, ndiyo maana bei ni ndogo. Mwingine akasema hapana, serikali inalipia tofauti. Cassian akawacheka wote.

"Ni wingi," alisema. "Mwalimu alitufundisha. Biashara ya kisasa ni wingi."

Saa saba simu iliita. Cassian akaiweka tena juu ya kinu.

"Wameahirisha," Ayebare alisema. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakigomba. "Wanasema ndege ina tatizo la kiufundi, tuje Jumapili. Na begi wamenilipisha elfu hamsini, Mwenyekiti. Begi moja! Linazidi tiketi. Nimeomba wanirudishie, wanasema hairudi."

"Jumapili si mbali," Cassian alisema, lakini aliinamisha macho. "Tutasogeza mazishi."

"Nikipanda basi sasa hivi nitafika kesho usiku. Kuliko kungoja..."

"Una nauli?" Sperancia aliuliza.

Ayebare alikuwa mshonaji wa kukodi cherehani kwa mtu, na elfu hamsini haikuwa hela ya kupoteza na kubaki na nyingine mfukoni.

"Nitatafuta ya kukopa."

Hapo ndipo Sperancia alipopaswa kusema kopa, mwanangu, tutalipa. Lakini mwanamke mmoja nyuma yake alikuwa tayari ameguna, "Kumbe hizi tiketi...," na mwingine akamnyamazisha, na Sperancia akahisi kwamba neno moja tu kutoka kinywani mwake litambomoa Mwalimu, naye yuko chumba cha maiti hospitali, hawezi hata kusimama kujieleza.

"Ngoja Jumapili," alisema. "Baba yako aliiamini."

*

Huku kwao msiba ukiingia, jembe linalala. Hakuna anayelima mpaka marehemu azikwe, na anayekiuka hutozwa faini. Kwa kawaida ni siku mbili, na watu hupumzisha migongo. Lakini mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha Jumatano, siku moja kabla ya Mwalimu kufa, mvua nzuri ya kupandia maharage. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita, jua likawaka, na udongo ukaanza kukauka huku mbegu zimekaa ndani ya vikapu.

Hakuna aliyelalamika mbele ya mjane. Walikuja, wakasalimia, wakakaa. Ila Sperancia aliwaona wakiyatazama mawingu. Uwamahoro, mke wa kibarua Nsanzimana, ambaye tangu Alhamisi alikuwa ndiye anayechota maji ya msiba, Jumamosi jioni alimwomba ukoko wa chungu awapelekee watoto. Alimwomba kwa sauti ya chini, akatazama pembeni alipokuwa anaupokea.

Jumapili asubuhi wanaume wawili walimleta Nsanzimana uani. Alikuwa na jembe begani, limejaa udongo mbichi. Nsanzimana hakuwa na shamba. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi akiwa mgongoni, na siku zote aliishi kwa kulima vibarua vya watu.

"Tumemkuta anatoka kulima!" mmoja alisema. "Mwalimu hajazikwa!"

"Sikulima hapa," Nsanzimana alisema, akavua kofia. "Nimekwenda Kiruruma, kwa mtu asiyemjua Mwalimu. Nilidhani kule msiba huu haufiki."

"Msiba unamfuata mtu, haufuati shamba," Cassian alisema kwa ukali. Ukali huo ulikuwa unamtafuta mtu wa kumwangukia tangu Ijumaa. "Utatoa elfu ishirini na dumu la pombe ya rubisi."

"Mwenyekiti, leo ni siku ya nne. Jana watoto wamekula ukoko wa hapa. Hiyo elfu ishirini niitoe wapi?"

Sperancia alinyanyuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa, akashika nguzo.

"Nsanzimana, kama Mwalimu angekuwa amezikwa jana, leo ungekwenda kulima kwa kujificha?"

"Hapana, waitu mama," alijibu kwa heshima. "Ningepita barabarani."

"Basi kosa si lako. Kaa unywe chai."

Wakati huo simu ikaita juu ya kinu. Cassian aliinyooshea mkono, lakini Sperancia alifika kwanza. Alizima spika, akaenda nayo nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Watu walitazamana, maana hawakuwa wamezoea mjane wa namna hiyo.

"Mama," Ayebare alisema. "Dirisha lao limefungwa. Kuna karatasi tu imebandikwa. Wanaomba radhi, safari zote zimesitishwa, na namba ya simu waliyoandika haipokelewi. Mlinzi anasema ndege zilikuwa mbili tu, za kukodi, na mwenyewe amezichukua." Akavuta pumzi. "Mama, mtaningoja?"

Sperancia aliegemea mgomba. Kutoka pale aliliona kaburi, limechimbwa tangu Ijumaa, kingo zake zimeanza kumomonyoka.

"Panda basi, mwanangu. Kopa, tutalipa. Lakini hatutakungoja. Tunamzika leo."

Alimsikia mtoto wake akilia, na hakukata simu mpaka Ayebare mwenyewe alipoikata.

*

Walimzika saa tisa. Katekista alipomaliza sala, Cassian alisimama kando ya kaburi kama ilivyo desturi, akauliza kama kuna anayemdai marehemu au anayedaiwa naye, aende kwa familia. Hakuna aliyejitokeza. Mwalimu hakuwa mtu wa kukopa. Cassian alikohoa, akaendelea kusimama.

"Sasa ndugu zangu, kuna hili suala la tiketi. Mimi kama mwenyekiti ni lazima niliseme. Fedha ya chama ndiyo hiyo imekwenda. Sote tunakumbuka nani alituletea ile karatasi. Simlaumu mtu aliyelala, lakini watu wana haki ya kujua."

Manung'uniko yakapanda. Huyu Cassian ndiye aliyepiga makofi kuliko wote mwezi wa kwanza, na siku tatu alikuwa anaimba wingi, wingi. Udongo ulikuwa bado haujamfunika Mwalimu vizuri.

"Alitudanganya," mtu alisema nyuma.

"Hakuwadanganya," Sperancia alisema.

Hakupaza sauti.

"Mwalimu alijua kufundisha hesabu za vitabuni. Mambo ya nauli hakuyajua. Aliyeyajua ni mimi, na nyote mlipita kibandani kwangu. Aliponionyesha ile karatasi aliniuliza, Mama Ayebare, wewe umeuza tiketi, hili linawezekana? Nikamwambia linawezekana. Nikamwambia ni bei nzuri, awahi kabla hazijaisha. Mwenye kosa yuko hapa, amesimama. Yeye mwacheni alale."

Cassian alimtazama kwa muda, kisha akatazama chini. Kama alijua kwamba ni uongo, alinyamaza, maana ulimfaa na yeye. Wanaume wakashika makoleo.

Jioni ileile wanawake wanne walikuja kuchukua masufuria ya chama, yaliyokuwa yanatunzwa hapo kwa Mwalimu, katibu wa chama, miaka yote. Walisema kwa upole kwamba kamati imeona yakae kwingine. Moja lilikuwa na maji ya kunywa ya Sperancia, wakayamimina kwenye ndoo, wakaondoka nalo. Ni Uwamahoro peke yake aliyebaki, akafagia majani ya migomba waliyokalia watu.

*

Jumanne asubuhi Ayebare aliingia uani na begi lake. Bondeni watu walikuwa wanalima tangu alfajiri, sauti za majembe zilifika mpaka mlangoni, na hakuna aliyepandisha kusalimia. Walikumbatiana, wakalia, wakakaa kwenye benchi. Sperancia alimletea uji, hakuunywa.

"Bodaboda aliyenileta ameniuliza kama mimi ndiye binti wa yule mama aliyeponza chama," Ayebare alisema.

"Ameuliza hivyo?"

"Amesema umekiri mwenyewe kaburini."

Ayebare alifungua begi, lile la elfu hamsini, akatoa suti ya kijivu iliyokunjwa ndani ya mfuko. Alikuwa ameishona kwa siku nyingi, baada ya kazi za watu, ili ampe babake Krismasi. Kifo kilipomwahi aliimalizia vifungo usiku wa Alhamisi, ili wamvishe. Mwalimu alikuwa amezikwa na koti lake la zamani, lile lililokatika bitana. Ayebare aliitandaza suti mapajani kwa mama yake, akanyoosha kola kwa kidole.

"Mwezi wa kwanza nilikuwa nimelala chumba cha uani," alisema. "Sikuwa na usingizi. Nilisikia yote, mama. Mabasi mekundu, matairi, tiketi za Krismasi. Nilisikia ulivyomwambia baba kwamba hawana mafuta ya leo. Alhamisi nilikuuliza kwa sababu hiyo. Niliwasikia watu wote pale, Mwenyekiti na wenzake, nikasema hapana, nimwulize mama, yeye anajua. Basi lilikuwa bado lipo stendi. Nilikuuliza wewe. Ukaniambia nije na ndege."

Sperancia alishika mkono wa ile suti. Mishono yake ilikuwa safi, midogo, hakuna mahali uzi ulipolegea. Kaburini uongo ulimtoka kwa urahisi, na angeweza kuupata mwingine. Lakini huyu alikuwa mtoto wake, na hakuwa amebakiwa na mtu mwingine.

"Watu walikuwa wanasikiliza, mwanangu," alisema.

Ayebare aliitikia kwa kichwa, polepole, kama abiria aliyeambiwa kwamba basi limejaa. Akaichukua suti mapajani kwa mama yake, akaikunja upya kwa mistari yake, akairudisha kwenye mfuko. Kisha akainuka, akaenda nayo kaburini. Hakumwita mama yake waende pamoja, na Sperancia hakuthubutu kumfuata.